Kutoa utafiti wa ulemavu wa watoto kabatini na kuufikisha kwenye mkeka: mwongozo kwa wahudumu wa kliniki

Fungua faili la mtoto yeyote mwenye mtindio wa ubongo (kwa kifupi cha Kiingereza, CP) katika kliniki yako, usome alichoandikiwa katika mahudhurio matano ya mwisho. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuta mstari mmoja umejirudia mara tano, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe: "CP. Aendelee na mazoezi. Arudi baada ya mwezi." Mazoezi gani, ya kumwezesha nini, na yamezaa nini tangu mwezi uliopita, faili halikusema. Mama alikuwa anapanda daladala mbili na mtoto wa miaka minne mgongoni ili mimi niandike sentensi ileile.

Huku nyuma, kabatini kwangu kulikuwa na makabrasha ya semina tatu. Tafiti zilikuwamo, nzuri tu. Hakuna hata moja iliyokuwa imegusa faili lile.

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wa fiziotherapia na tiba kazi, na wauguzi na matabibu wa hospitali za wilaya na mikoa wanaowapokea watoto hawa bila daktari bingwa karibu. Nimeuegemeza kwenye mtindio wa ubongo kwa kuwa ndio unaojaza mikeka yetu, na ndio uliofanyiwa tafiti nyingi za kutumika. Ukiwa unahudumia watoto wenye mgongo wazi au usonji, njia ni hiyohiyo, utabadilisha vipimo tu.

Hatua ya 1: Okota swali kwenye foleni

Usianze na makala. Kwa wiki mbili weka daftari mezani na uandike maswali ya akina mama kama walivyoyatamka, bila kuyatafsiri kuwa lugha ya kitabibu. Langu lilijaa haraka. "Dokta, atatembea?" lilitokea karibu kila siku. "Mbona analia nikimpanua miguu wakati wa kumbadilisha?" "Mbona anakula lakini hanenepi?" "Jirani kaniambia kuna hospitali wanaweka watoto kwenye chumba cha oksijeni wanapona, ni kweli?"

Chagua moja. Moja tu. Kliniki inayotaka kubadilisha mambo sita kwa mpigo hubadilisha ratiba ya vikao na hakuna zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta jibu bila kuzama

Kwa maswali ya tiba, anza na mapitio ya tafiti, yaani kazi ambayo watu wameshazikusanya tafiti zote za jambo hilo na kuzipima kwa pamoja. Utafiti mmoja wa watoto kumi na wawili usikupandishe wala kukushusha. Mahali pa kuanzia ni patatu: PEDro, hazina ya tafiti za fiziotherapia iliyoanzishwa Australia mwaka 1999 na isiyo na malipo; Cochrane, hazina ya mapitio ya tafiti za tiba; na PubMed, ambako unaweza kuomba ikuonyeshe makala zenye maandishi kamili ya bure. Uliza pia kama chuo au hospitali yako imesajiliwa Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 wa kufungua majarida kwa taasisi za nchi kama zetu. Mara nyingi usajili upo, na nywila imelala kwa mkutubi haijatumiwa na mtu.

Kwa mtindio wa ubongo, kazi moja itakuokolea miezi ya kusoma. Iona Novak na wenzake wa Australia walizipitia tiba zote walizozipata na kuzipaka rangi za taa za barabarani: kijani fanya, njano angalia kwanza, nyekundu acha. Walitoa toleo la kwanza mwaka 2013 na kulihuisha mwaka 2020. Chumba cha oksijeni kimo kwenye nyekundu, kwa hiyo yule mama wa swali la nne unaweza kumjibu leo, kabla hajauza shamba.

Kilichoniuma mimi ni kwingine. Kunyoosha misuli kwa mikono, dakika ishirini kila mtoto, mtoto analia na mama anageuza uso, hakukuwa na ushahidi wa maana kwamba peke yake kunamsaidia. Mtindo wa zamani wa Bobath, ule ambao mtaalamu ndiye anayeuendesha mwili wa mtoto na mtoto mwenyewe ni abiria, nao haukufua dafu. Ndicho nilichofundishwa chuoni na ndicho nilichokuwa nakifanya asubuhi nzima. Upande wa kijani kulikuwa na mazoezi yanayolenga kazi mahususi ambayo mtoto anaifanya mwenyewe, programu za nyumbani, kuufunga mkono wenye nguvu ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, kufunga plasta ngumu (POP) kwa awamu kwa kifundo cha mguu kilichoanza kukaza, na ufuatiliaji wa nyonga. Ukiangalia vizuri, karibu vyote havidai mashine. Sindano ya botulinum, ya kulegeza misuli iliyokaza, imo pia, lakini kama hospitali yako haina, usiifanye kuwa kisingizio cha kuyaacha hayo mengine.

Hatua ya 3: Mpe kila mtoto daraja

Kabla ya kubadilisha tiba, ainisha. Mwaka 1997 Robert Palisano, Peter Rosenbaum na wenzao wa kituo cha CanChild, Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, walitoa mfumo wa madaraja matano unaojulikana kwa herufi GMFCS. Ulipanuliwa mwaka 2007 hadi kufikia umri wa miaka 18. Unaangalia jambo moja: mtoto anajongea vipi kwa kawaida yake, siyo siku alipojitahidi mbele ya wageni. Daraja la I anatembea bila msaada na kupanda ngazi bila kushika. La II anatembea lakini ngazi anashika na umbali unamshinda. La III anatembea kwa kushikilia kifaa. La IV kujongea mwenyewe ni kidogo, mara nyingi anasukumwa. La V hata kushikilia kichwa na kiwiliwili ni shida, na popote anapelekwa. Maelezo yamegawanywa kwa umri, kwa hiyo soma ukurasa wa umri wake. Chini ya miaka miwili daraja huweza kubadilika. Liandike kwa penseli.

Dakika tano zinatosha. Mlaze mtoto mkekani, weka kitu anachokipenda mbali kidogo, kaa kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu. Sisi tuna mikono isiyotulia. Tunamkalisha, tunamgeuza, halafu tunaandika kuwa anakaa. Muulize mama: "Ukimwacha chini ukaenda jikoni, ukirudi unamkuta wapi?" Jibu la swali hilo limenisaidia kuliko kipimo chochote. Mama mmoja alinijibu, "Namkuta chini ya kitanda na viatu vya baba yake," nikajua anaviringika na kujiburuta, ilhali mbele yangu alikuwa amelala kama gogo.

Daraja ndilo linalokupa ujasiri wa kujibu "atatembea?" Mwaka 2002 Rosenbaum na wenzake walichapisha michoro ya ukuaji waliyoitoa kwa watoto 657 wa jimbo la Ontario. Ilionyesha kwamba mtoto wa daraja la I hufikia takriban asilimia 90 ya uwezo wake wa kujongea akikaribia miaka mitano, na wa daraja la V kabla ya kufikisha mitatu. Watoto wale walikuwa na huduma tangu uchanga, wetu wengi wanafika kwetu na miaka mitatu bila kuguswa, kwa hiyo usiichukue michoro hiyo kama msumeno. Lakini mtoto wa miaka saba wa daraja la V, kumwambia mama yake "tuombe Mungu, mazoezi yakizidi atatembea" ni kumwibia nauli.

Mimi husema hivi, taratibu, tukiwa tumekaa wote chini na si yeye chini mimi kwenye kiti: "Mama, ubongo uliumia mara moja na jeraha haliongezeki. Kwa ninavyomwona leo na umri wake, kutembea kwa miguu sikutegemei. Nakutegemea kuwa atakaa kwenye kiti kilichomfaa, atakula bila kupaliwa, na atakuwa pamoja na wenzake. Hayo tuyafanyie kazi." Wengine hulia. Mmoja aliniuliza, "Kwa hiyo niache kuja?" Nikamwambia hapana, sasa ndiyo tunaanza. Bibi wa mtoto, aliyekuwa amekaa pembeni na rozari yake, akasema, "Angalau umesema."

Hatua ya 4: Badilisha kinachofanyika kwenye mkeka, kisha nyumbani

Acha kuuliza "ana tatizo gani?" Uliza, "Kuna jambo gani moja ambalo akiliweza, siku yako nyumbani itakuwa nyepesi?" Watu wa CanChild wana maneno sita waliyoyatoa mwaka 2012, kwa Kiingereza yote yanaanza na herufi F, ya kumkumbusha mhudumu kuwa mtoto ana zaidi ya misuli: utendaji, familia, siha, furaha, marafiki na kesho yake. Yabandike ukutani ukipenda. Mimi swali la mama linanitosha, maana majibu yake huangukia humohumo.

Lengo liwe dogo hadi linaonekana kwa macho. "Aimarike" si lengo. "Akae kwenye beseni la plastiki lililowekewa khanga iliyokunjwa, mikono yote mbele, dakika kumi mama anaposonga ugali" ni lengo. Mwombe mama alipime: sasa hivi analiweza kiasi gani, moja hadi kumi? Na wewe umeridhika kiasi gani? Andika namba hizo mbili na tarehe. Baada ya miezi mitatu uliza tena bila kumwonyesha za zamani.

Sasa hesabu. Mapitio ya mwaka 2020 kuhusu mkono yalikuta kwamba mtoto anahitaji kulifanyia mazoezi lengo lenyewe kwa zaidi ya saa 14 hadi 25 ndipo alifikie. Ukimwona nusu saa kwa mwezi, unampa saa sita kwa mwaka, na hapo mvua haijanyesha na daladala hazijagoma. Basi kliniki si mahali pa kumtibu mtoto. Ni mahali pa kumfundisha mlezi. Katika jaribio la Novak la mwaka 2009 wazazi waliopewa programu ya nyumbani waliifanya kwa wastani mara 17.5 kwa mwezi, dakika 16.5 kila mara. Hiyo ni karibu saa 5 kwa mwezi. Miezi mitatu unaingia kwenye saa 14. Hawakuwa wazazi wa ajabu. Programu ilijengwa juu ya malengo yao wenyewe, na mtaalamu aliwafuatilia kwa simu na ziara badala ya kuwakabidhi karatasi na kuwaaga.

Kwa vitendo, kikao huwa hivi. Dakika tano za kwanza mama anakuonyesha alichokuwa anakifanya, wewe mikono mgongoni. Dakika kumi na tano mnajaribu lengo pamoja, mtoto akijisukuma mwenyewe: kama ni kukaa, toy iko mbele na chini kidogo ili ajikaze kurudi, kama ni mkono wa kulia usiotaka kazi, wa kushoto uvalishwe soksi wakati wa mchezo, njugu ziko kwenye kifuniko cha chupa na lazima azitoe. Njugu mbichi, kubwa, mama akiwa karibu, na kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni badilisha ziwe vifuniko vyenyewe. Dakika tano za mwisho mnakubaliana lini, na nani. Usikubali "nitafanya kila siku". Uliza: baada ya kuoga asubuhi au dada yake akirudi shule? Ambatanisha na kitu kinachotokea hata bila wewe. Dada wa miaka tisa ni mtaalamu mzuri kuliko wengi, na hachoki.

Upinzani utatoka usikoutegemea. Akina mama waliozoea kunyooshewa watoto watakuona umekuwa mvivu. Nililalamikiwa kwa mkuu wa idara kwamba siku hizi "dokta anacheza tu na mtoto". Waeleze mapema, na mwonyeshe mama namba zake mwenyewe za miezi mitatu iliyopita.

Hatua ya 5: Nyonga na mizani

Yule mama aliyesema mtoto analia akipanuliwa miguu alikuwa anakueleza habari ya nyonga. Utafiti uliofanyika jimbo la Victoria, Australia, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta nyonga zimesogea kutoka kwenye kikombe chake kwa asilimia 35 ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Kwa daraja: la I hakuna hata mmoja, la V asilimia 90. Kusini mwa Sweden walianza kuwafuatilia watoto wote tangu mwaka 1994, na nyonga zilizoteguka kabisa zikawa nadra. Hawakugundua dawa. Walipiga picha kwa ratiba na kuchukua hatua mapema.

Kwa hiyo kila mtoto wa daraja la III, IV na V aandikiwe eksirei ya nyonga anapokuwa kati ya miezi 12 na 24, au siku anayofika kwako kama kavuka umri huo, kisha irudiwe kila miezi 6 hadi 12. Picha mbaya ni hasara ya pesa. Nenda na mtoto chumba cha eksirei angalau mara ya kwanza: alale chali, kiuno kisiinuke upande mmoja, pia za magoti ziangalie dari. Miguu inayopishana kama mkasi ishikwe na mama aliyevaa kinga, na kama magoti hayanyooki, weka mto chini yake mpaka mgongo ulale.

Kuisoma kunahitaji rula na penseli. Chora mstari wa mlalo unaopita kwenye gegedu zile mbili zenye umbo la Y, moja katika kila kikombe cha nyonga. Kwenye ukingo wa nje wa kikombe shusha mstari wa wima. Pima upana wa kichwa cha mfupa wa paja, kisha pima sehemu iliyobaki nje ya mstari wa wima. Kichwa milimita 20, kilichobaki nje milimita 7: ni asilimia 35. Ikivuka 30, andika rufaa kwa daktari wa mifupa wa watoto, na namba hiyo iwe kwenye mstari wa kwanza wa barua. Barua ya "CP, for review" hukaa kwenye foleni. Yenye asilimia husomwa.

Halafu mizani. Hapa utafiti unatoka jirani. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, timu ya Angelina Kakooza-Mwesige na wenzake wa Uganda na Sweden iliwatafuta watoto wenye mtindio wa ubongo nyumba kwa nyumba, ikachapisha kiwango chao mwaka 2017, kisha ikaendelea kuwafuatilia. Vifo vyao vilikuwa mara 25 ya vile vya wenzao wa eneo lilelile, na utapiamlo mkali pamoja na ulemavu mzito wa kujongea vilikwenda sambamba na vifo hivyo. Tangu nilipolisoma hilo, hakuna mtoto anayekanyaga mkeka wangu bila kupimwa uzito. Asiyeweza kusimama, mama apande mizani naye, kisha apande peke yake, toa. Zungusha utepe wa MUAC, ule wa kupima mzunguko wa mkono wa juu katikati. Chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mazoezi yasubiri, aende lishe leo.

Na mtazame akilishwa. Usiulize, tazama. Mwambie mama aje na uji wake. Mara nyingi utamwona amemlaza mtoto mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, na uji unamiminwa. Mtoto anameza kwa sababu hana njia nyingine, na kikohozi cha kila wiki kinaitwa baridi. Mkalishe wima, nyonga zimekunjwa, kidevu kimeshuka kidogo, kijiko kitoke mbele na chini, uji uwe mzito wa kushikamana na kijiko. Subiri ameze ndipo kije kingine. Siku ya kwanza inachukua dakika arobaini na mama anakata tamaa. Hapo ndipo unapohitaji kukaa naye.

Hatua ya 6: Ifunge kazi kwenye karatasi na kwa mwenzako

Wakanada walijaribu jambo la akili. Katika majimbo matatu, mashirika 28 ya huduma za watoto yalichagua mtaalamu mmojawapo awe wa kuwasaidia wenzake kuvitumia vipimo kama GMFCS, kwa miezi sita, na matumizi yakapanda. Hakuwa mgeni kutoka chuo kikuu. Alikuwa mwenzao wa chumba hichohicho, aliyetengewa saa chache kwa wiki. Kwetu saa hizo hazitengwi, basi tumeweka zamu: kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mmoja analeta swali moja kutoka kwenye daftari la foleni na jibu la dakika kumi, pamoja na chai. Anayeleta chapati hupata wasikilizaji wengi zaidi, sitaki kuficha.

Uhamisho ndio adui mkubwa. Unamfundisha mtu mwaka mzima, barua inatoka, anakwenda mkoa mwingine, na kliniki inarudi kwenye "aendelee na mazoezi". Dawa niliyoipata ni fomu iliyogongwa stepla ndani ya jalada la faili, yenye nafasi za daraja, lengo kwa maneno ya mama, namba mbili za mama, uzito, tarehe ya eksirei na asilimia ya kila nyonga. Nafasi iliyo wazi humwuliza mgeni swali hata kama hajawahi kusikia habari za Ontario.

Fomu iwe ukurasa mmoja. Yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, nzuri, zenye visanduku vya kila kitu. Wiki ya tatu nilikuta nakala tupu zinafungia vitumbua pale getini.